Nyota nne kwa klabu ya kuogelea ambayo haijampa binti yangu medali hata moja

Nianze na siku niliyowachukia.

Ilikuwa mwezi wa tatu tangu binti yangu ajiunge, akiwa na miaka 9. Nilikuwa nimekaa juu kwenye viti vya wazazi nikamwona analia ndani ya maji. Mtoto anayelia bwawani humjui kwa machozi, maana uso wote umelowa. Unamjua kwa mabega. Alikuwa ameng'ang'ania ukingo wa njia ya mwisho, kofia imempanda juu ya sikio moja, na wenzake walikuwa wameshageuka wameondoka. Kocha alichuchumaa pale pale, hatua mbili kutoka kwake, wala hakumnyooshea mkono. Alichofanya ni kumwonyesha saa ya ukutani kwa kidole. Mtoto akaitazama ile saa, akafuta miwani yake, akasubiri, akaondoka.

Usiku ule niliwaandikia malalamiko marefu kuliko haya mnayoyasoma. Jibu lilikuja siku 4 baadaye (ni wazito wa kujibu, nitalirudia hilo) na lilikuwa mstari mmoja: karibu uje uangalie zoezi lote tangu mwanzo, na ukija uitazame saa.

Nikaenda, na moyoni nikiwa naenda kutafuta kosa. Sasa ni miezi 22 tangu tuanze, na ada bado nalipa.

Mnaowatafutia watoto wenu klabu, mtakuwa mmeshaziona ahadi: michezo inajenga tabia, inajenga nidhamu, inajenga uvumilivu. Kila tangazo lina maneno hayo. Mimi ni fundi cherehani, na neno "inajenga" silikubali mpaka nione mshono wake. Kabla ya hapa tulipitia timu moja ya mpira wa kikapu ambako kitu pekee alichokifanya mwanangu kwa uvumilivu ni kukaa benchi. Mchezo ulikuwepo na jezi nzuri zilikuwepo. Kilichojengeka ni ujuzi wa kuumwa tumbo kila Jumamosi asubuhi. Kwa hiyo simsifii mtu kwa sababu tu ana bwawa na filimbi. Nawasifu hawa kwa namna wanavyopanga mambo madogo.

Kubwa kuliko yote ni ile saa.

Kwa asiyejua, kwenye mabwawa ya mazoezi hutundikwa saa kubwa ambayo haikwambii ni saa ngapi. Mshale wake mwekundu unazunguka kuhesabu sekunde, basi. Kocha anasema, "Mita 50 mara 8, kila dakika moja na nusu." Maana yake ni kwamba kila dakika moja na nusu ikitimia unaondoka, uwe ulishafika zamani au umegusa ukuta sasa hivi. Mapumziko yamo humo humo. Ukitumia sekunde 65 umejichumia 25 za kuhema. Ukitumia 85 unabaki na 5. Mwepesi anapumzika sana, mzito anapumzika kidogo, na mara ya kwanza nilipoelewa nikaona huu ni ukatili uliovalishwa hesabu.

Ila nilipokaa zoezi zima niliona nilichokikosa. Kila njia ya bwawa ina muda wake. Kocha anawapangia muda ambao wataufikia kwa taabu lakini wataufikia, na anaubadilisha kila baada ya wiki chache, mtoto kwa mtoto, kama ninavyoachia kitambaa cha ziada kwenye pindo la mtoto anayekua. Na kuna kanuni moja ambayo wazazi hatukuwa tumeambiwa: ukishindwa kufika kwa wakati, unaruhusiwa kukaa raundi moja, kisha unarudi. Huruhusiwi kutoka majini, lakini pia hakuna anayekulazimisha kuondoka ukiwa huna pumzi. Siku ile ya mabega, kocha hakuwa anamfukuza mwanangu. Alikuwa anamwonyesha kwamba bado ana dakika nzima ya kupumzika kabla mshale haujarudi juu. Mimi huku viti vya juu nilikuwa nimeshamhukumu.

Wakati huo alikuwa anaogelea mita 50 kwa sekunde 85 na kubakiwa na 5. Baada ya miezi kama minane alikuwa anatumia 68. Hakuna aliyempigia makofi. Aliligundua mwenyewe katikati ya zoezi, kwamba yuko ukutani na mshale bado uko mbali, akamgeukia jirani yake wakaanza kupiga soga. Kocha akawakemea. Nadhani ile ndiyo furaha ya kwanza ya kweli niliyomwona nayo pale, kukemewa kwa kuwa na muda wa kupiga soga.

Cha pili ni daftari. Kila mtoto analo, daftari la kawaida la shule, linakaa kwenye mfuko wa plastiki na bado linavimba kwa unyevu hadi kurasa zinakuwa kama biskuti. Kila mwisho wa zoezi wanaandika muda mmoja na sentensi moja. Kocha hasahihishi herufi wala hasomi kwa sauti. Binti yangu amejaza matatu. Nilimwomba ruhusa ninukuu, akanipa sentensi mbili tu kati ya zote: "Leo maji yalinikataa," na nyingine ya wiki iliyofuata, "Leo maji hayakusema kitu."

Kuhusu ufundishaji wenyewe wa kuogelea sina ujuzi wa kutosha kuwasifu au kuwaponda, isipokuwa jambo moja ambalo limeingia hadi nyumbani. Mwanzoni watoto wote huzuia pumzi. Wanatumbukiza uso, wanafunga mdomo, na baada ya muda mfupi wanaibuka na macho yamewatoka. Kocha aliwaeleza kwamba hamu ile kali ya kuvuta pumzi haisababishwi kwanza na kuishiwa oksijeni, bali na kaboni dioksaidi inayojazana mwilini. Kwa hiyo dawa ni kupuliza. Uso ukiwa majini unatoa hewa polepole, mapovu yanakwenda, na ukigeuza kichwa kazi yako ni moja tu, kuvuta. Wiki mbili za kwanza hawakufanya kingine ila kupuliza mapovu huku wameshika ukingo, na mimi nikihesabu fedha zangu.

Sasa mwone akifanya hesabu za mgawanyo mrefu. Akikwama, zamani alikuwa anatupa penseli. Siku hizi anainamisha kichwa karibu na meza na kupuliza kwa midomo iliyobanwa, fuuuuu, mpaka karatasi inatikisika, halafu anarudi mwanzo wa mstari. Hesabu bado hazijui vizuri, nisiwadanganye. Lakini penseli haijaruka tangu mwaka jana.

Kwenye kuogelea chali wana zoezi lingine nililolipenda. Juu ya bwawa kuna bendera ndogo zimetundikwa mita 5 kutoka ukutani, kwa sababu anayeogelea chali haoni anakokwenda. Ukipita chini ya bendera unahesabu mapigo ya mikono hadi ukutani, na kila mtu ana idadi yake. Ya binti yangu ilikuwa 6. Aligonga kichwa mara 3 kabla hajaiamini hesabu yake mwenyewe, kwa sababu kila akifika ya nne alikuwa anageuza shingo kuchungulia, mwili unapinda, hesabu inaharibika. Kocha alipenda kuwasimulia habari ya Michael Phelps kwenye Olimpiki ya Beijing mwaka 2008, fainali ya mita 200 kipepeo. Miwani yake ilijaa maji akawa haoni ukuta, akahesabu mapigo hadi mwisho, akashinda na kuvunja rekodi ya dunia kwa dakika 1 na sekunde 52.03. Watoto wanaipenda kwa sababu ya dhahabu. Mwanangu aliipenda kwa sababu ya miwani. Yake inavuja.

Sasa nije kwenye mashindano, maana huko ndiko nilikopata jibu la kama hawa watu wanajua wanachokifanya.

Alikuwa anaogelea mita 100 mtindo wa chura, kwenye bwawa la mita 25, yaani urefu mara 4 na kugeuka mara 3. Muda wake bora ulikuwa dakika 2 na sekunde 11. Siku hiyo aliondoka vizuri, kichwa kinazama na kuibuka kama cherehani isiyokatika uzi, na alipogusa ukuta wa mwisho saa yangu ilisoma dakika 2 na sekunde 4. Nilipiga ukelele wa aibu. Kisha nikaona msimamizi upande wa pili bado ameinua mkono.

Sheria ni kwamba kwenye mtindo wa chura na kipepeo, kila unapogusa ukuta, mikono yote miwili lazima iguse kwa pamoja. Kwenye kugeuka kwa pili, mkono wake wa kushoto ulitangulia. Akaondolewa. Kwenye karatasi ya matokeo hakukuwa na 2:04 wala 2:11, palikuwa na mstari mtupu.

Nilishuka ngazi nikiwa nimeshapanga hoja zangu zote. Kwamba ni mtoto, kwamba hajapata faida yoyote, kwamba msimamizi mwenyewe alikuwa amesimama mbali. Nilipofika karibu nikawakuta wawili hao wamekaa sakafuni, migongo ukutani.

"Uligusaje?" kocha anauliza.

"Miwili."

Kocha kanyamaza. Kanyamaza muda mrefu, mpaka mimi nikaanza kusikia maji yanavyodondoka kutoka kwenye nywele za mwanangu.

"Uligusaje?"

"Wa kushoto kwanza."

"Kwa nini?"

"Nilichoka. Nikautupa."

"Haya. Kesho tunaanza na ukuta." Akampa taulo, akainuka, akaenda kumwita mtoto mwingine.

Hakuna aliyemwambia kwamba msimamizi ameonea, wala kwamba kwao yeye ni mshindi. Nilirudi juu na hoja zangu zote mkononi, sikuzitumia.

Kesho yake nilihesabu. Waliogelea kutoka kwenye bendera hadi ukutani, wakagusa, wakageuka, wakarudi kwenye bendera. Mara 40, kwa mafungu manne ya kumi kumi. Na hakuwa peke yake pale: kocha aliliweka kundi zima, hata wale ambao mikono yao iligusa sawa. Nilimwuliza baadaye kwa nini awachoshe wengine kwa kosa la mmoja, akasema wote hao mikono yao hutupwa wakichoka, tofauti ni kwamba mmoja ndiye aliyeonekana.

Wiki 9 baadaye akaingia tena mita 100 chura. Nilitamani niwaandikie kwamba aliipita ile 2:04. Alitumia dakika 2 na sekunde 6, mbili zaidi ya ule muda uliofutwa, kwa sababu kila alipoukaribia ukuta alikuwa anapunguza mwendo ahakikishe mikono. Daftarini aliandika, kwa ruhusa yake hii pia (nimeongezewa ya tatu): "Nimechelewa sekunde 2 ila kuta zote ni zangu." Dakika 2 na sekunde 1 ilikuja miezi minne baada ya hapo. Alikuwa wa tano kati ya sita.

Kuna hadithi moja ambayo klabu nyingi huitumia kuwafariji watoto wanaoshika mkia, na hawa wanaitumia pia, ila wanaimalizia. Ni ya Eric Moussambani wa Guinea ya Ikweta kwenye Olimpiki ya Sydney mwaka 2000. Alikuwa amejifunza kuogelea miezi 8 tu kabla, hakuwahi kuona bwawa la mita 50, wenzake wawili wa raundi yake wakaondolewa kwa kuruka mapema, akaogelea mita 100 peke yake mbele ya umati uliosimama kumshangilia. Dakika 1 na sekunde 52.72. Wengi huishia hapo, kwenye makofi. Mimi nusu hiyo huwa inanikera kidogo, maana inamfundisha mtoto kwamba kufika tu kunatosha ili mradi watu wakuonee huruma. Kocha huyu huwasimulia na kilichofuata: Moussambani alirudi kufanya mazoezi, na kufikia mwaka 2004 alikuwa ameushusha muda wake chini ya sekunde 57. Baadaye akawa kocha wa timu ya taifa lake. Kutoka 1:52 hadi chini ya 57 kuna miaka ya asubuhi ambazo hakuna aliyezishangilia, na binti yangu anazijua asubuhi za namna hiyo.

Jambo jingine ninalowapa sifa halionekani kwa mzazi ambaye mtoto wake ni mrefu. Wangu amezaliwa mwishoni mwa Desemba. Makundi ya umri yakipangwa kwa mwaka wa kuzaliwa, anashindana na watoto waliomtangulia kwa karibu miezi 12, na kwa miaka tisa au kumi, miezi 12 ni tofauti inayoonekana kwa urefu. Si bwawani tu. Watafiti walishaliona hili kwenye magongo ya barafu ya Kanada tangu miaka ya 1980, kwamba timu za vijana zimejaa waliozaliwa miezi ya mwanzo wa mwaka, kwa sababu wanaonekana wana kipaji kumbe ni wakubwa tu. Klabu hii ina ubao mmoja wa matokeo ukutani, na hauonyeshi nani wa kwanza. Unaonyesha kila mtoto amejipunguzia sekunde ngapi tangu mwezi uliopita. Kuna miezi binti yangu huwa juu ya ubao ule na kuna miezi jina lake lina alama ya kujumlisha, yaani ameongeza muda badala ya kupunguza. Anausoma vyote viwili bila kuniangalia.

Sasa malalamiko, maana nyota nne si tano.

Mawasiliano ni ya ovyo. Ratiba ya wiki inatumwa Ijumaa usiku, mara nyingine usiku wa manane, na ukiuliza swali unajibiwa swali likiwa limeshapitwa. Mara mbili tumefika mlango umefungwa. Vyumba vya kubadilishia nguo havitoshi, maji ya kuogea baadaye ni baridi, na ndoano za kutundikia mifuko zimeng'oka tangu mwaka jana. Kulikuwa na kocha msaidizi aliyekuwa anawaita watoto kwa majina ya utani ya maumbo yao. Tulisema, akaacha, lakini ilibidi tuseme wazazi watatu kwa pamoja. Na mzazi haruhusiwi kushuka ukingoni wakati wa zoezi. Nilipigana na kanuni hiyo miezi sita. Siku hizi nakwenda na kazi yangu, napachika vifungo huku juu, na nikiinua macho mara moja moja inatosha.

Gharama ambayo hawakwambii ni nguo. Klorini inakula kitambaa cha kuvutika; ile nguo laini inayobana vizuri dukani itakuwa imelegea makalioni kabla ya miezi mitatu. Tafuta iliyoandikwa poliesta, hata kama ni ngumu kidogo mkononi, na isuuze kwa maji ya bomba mara tu mtoto anapotoka. Nimeshona upya mikanda ya nguo za nusu ya kundi, nazungumza kwa ushahidi. Miwani nunua miwili.

Simshauri mzazi anayetaka medali upesi. Kuna klabu za hivyo na zina makabati ya vioo. Wala simshauri yule ambaye mtoto wake hapendi maji kabisa; wangu alikuwa anayapenda, alikuwa hajui tu kwamba yanachosha. Lakini kama una mtoto anayeacha kila kitu kinapoanza kuwa kigumu, kama alivyokuwa wangu na kinanda, na ngoma, na ile timu ya kikapu, mlete akae miezi mitatu kabla hujamwuliza anajisikiaje. Sisi hatukumwuliza, si kwa hekima, ni kwamba ada ilikuwa imeshalipwa.

Wiki iliyopita wamembadilishia muda. Sasa ni mita 50 kila dakika 1 na sekunde 15. Amerudi kubakiwa na sekunde chache ukutani, kama siku ile ya mabega, na Jumatano aliukosa mshale. Akakaa raundi moja, akaiweka kofia yake sawa, akaondoka.

Nyota nne. Ya tano nitaiongeza siku ratiba itakapotoka Alhamisi.